Mwali wangu anatapika, na kipimo kinasema hana mimba

Shangazi, asalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Tanga, huku kwetu Ngamiani. Mimi ni somo. Kazi hii nimeirithi kwa mama yangu, na huu ni mwaka wa 23 nafunda mabinti na kuwatoa. Aliponiachia aliniapisha jambo moja: ninayoyaona chumbani yasitoke chumbani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi leo kata imeelemewa.

Nina mwali wa miaka 22, harusi yake ni baada ya wiki tano. Nimeanza kumsinga juzi. Wewe unajua singo ilivyo, mtu analala kifudifudi kwenye mkeka, unampaka kuanzia shingoni na kumsugua taratibu mpaka nyayoni. Nilipofika mgongoni nikakuta malaika mengi, vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Mwaka jana nilimsinga kwenye harusi ya dada yake, na hayakuwapo. Joto la Tanga siku hiyo usiseme, kanga yangu imelowa jasho, yeye mikono ya baridi na anaomba shuka. Mifupa ya mabega imechomoza, lakini mashavu yamevimba chini ya masikio. Na vidole viwili vya mkono wa kulia vina sugu na michubuko juu ya vifundo. Nilipomuuliza akasema amejikwaruza kwenye mbuzi akikuna nazi. Shangazi, nimekuna nazi maisha yangu yote. Mbuzi haikwaruzi pale.

Tukafika kwenye kuhesabu siku, maana harusi huipangi bila kujua mwezi wa mwali. Akaniambia hajaona siku zake mwezi wa tano sasa. Nikahisi miguu inaniisha, kwa sababu nilishamsikia akitapika. Nilinunua kipimo cha mkojo nikampima mwenyewe, mara mbili, siku mbalimbali. Hana mimba. Ameapa hajamjua mwanamume, nami namwamini.

Mbele za watu hali chakula. Leo ana kadha, kesho ni Alhamisi anafunga sunna, keshokutwa tumbo limejaa gesi. Lakini nyumba ile hakuna anayepika kama yeye. Samaki wa kupaka yeye, mkate wa kumimina yeye, mbaazi za nazi yeye, na anawasimamia wadogo zake waongeze sahani. Simu yake ni video za mapishi tupu. Usiku wa kuamkia Jumapili nililala kwao. Saa nane nikasikia kifuniko cha sufuria. Nikachungulia, nikamwona amesimama gizani anakula wali wa jana kwa mkono, wa baridi, upesi upesi, kama mtu anayekimbizwa. Akamaliza, akavuta bakuli la kaimati, akalimaliza nalo. Kisha akaingia bafuni akafungulia bomba. Asubuhi natandika, chini ya godoro nikakuta vifurushi vya sanamaki, ile dawa ya kuharisha.

Mama yake anafurahi. Gauni limeshonwa dogo kusudi, "litamkaa akipungua", na anamsifia mbele ya wageni jinsi alivyojikaza. Huyu mtoto tangu mdogo jina lake la nyumbani lilikuwa Bonge. Shangazi zake wanasema ana jini linalomkatalia ndoa, wanataka apelekwe kwa mtaalamu. Wengine wameanza kunong'ona mimba. Nilipomwambia, "Mwanangu, kula," alinijibu: "Somo, chakula kikikaa tumboni nahisi kama nimemeza moto."

Ni maradhi gani haya? Na mimi nifanyeje, nivunje kiapo nimwambie mama yake? Nimefikiria nimweke ndani wiki hizi tano nimlishe hasa, uji wa maziwa, wali wa nazi, samli, mpaka mwili urudi. Nitakuwa nimekosea?

Somo mwenye mzigo, Tanga.

*

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu unaweza kulifanya leo kabla hujamaliza kunisoma. Usimlishe kwa nguvu. Najua samli yako ni ya mapenzi, lakini mwili ulioshinda njaa muda mrefu ukishushiwa chakula kingi kwa ghafla, madini ya damu huporomoka, hasa fosfeti, potasiamu na magnesiamu, na moyo ukakosa kinachouendesha. Jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 1945, vita vilipokwisha, wafungwa waliokuwa wamekondeshwa makambini walipopewa chakula tele na baadhi wakafa wakati wa kupona. Aliyefika hali ya mwali wako huongezewa chakula kidogo kidogo, na damu yake ikipimwa. Hiyo ni kazi ya hospitali kuianzisha, ndipo nanyi mkaiendeleza nyumbani.

Sasa maradhi. Kabla ya safu hii nilifanya kazi wodini miaka mingi, na nakwambia kweli, wapo wahudumu ambao wasingekusanya dalili ulizokusanya wewe kwenye mkeka mmoja. Binti ana maradhi ya ulaji. Mtu anapojinyima chakula mpaka mwili unaisha, na bado anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, madaktari wanaita anoreksia. Anapokula kingi kwa pupa, bila uwezo wa kujizuia, kisha akajitapisha au kunywa dawa ya kuharisha ili akitoe, wanaita bulimia. Yawezekana mtu akabeba dalili za yote mawili kwa pamoja, na kwa uliyoyaeleza ndivyo ninavyomwona wako, ingawa jina kamili atalitoa daktari.

Hayo malaika ya mgongoni ni mwili unaojitafutia blanketi. Mafuta ya chini ya ngozi yamekwisha, joto linapotea, basi mwili unaotesha nywele laini kama za kichanga. Ndiyo maana anaomba shuka wewe unatoka jasho. Hedhi imesimama kwa sababu mwili wenye njaa huzima kwanza kile usichoweza kukihudumia, na kubeba mimba ndicho kizito kuliko vyote. (Hapa niseme jambo, kwa kuwa ni mwali: hii haina maana ni tasa. Akitibiwa, kwa kawaida siku hurudi. Wala haina maana hawezi kushika mimba, maana yai linaweza kutoka kabla hedhi haijaonekana.) Uvimbe chini ya masikio ni tezi za mate, zimevimba kwa kutapika mara kwa mara. Na sugu za vidole, umesema kweli, si mbuzi. Ni meno. Madaktari wanaziita alama ya Russell, kwa jina la Gerald Russell aliyeziandika mwaka 1979 alipoueleza ugonjwa wa bulimia.

Kwamba anapika kuliko wote na kuwashindilia wengine, hilo huwachanganya watu wengi. Wanasema, anayechukia chakula atashindaje jikoni? Dada yangu, hakichukii. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walikubali kupunguziwa chakula kwa karibu nusu mwaka chini ya mtafiti Ancel Keys, ili ijulikane jinsi ya kuwahudumia watu wenye njaa ya vita. Walikuwa vijana wa kawaida, wasiojali kabisa umbo. Baada ya miezi wakawa wanakusanya maelezo ya mapishi, wanalamba sahani, wanaota chakula usiku, wanaona baridi, wanajitenga na wenzao. Waliporuhusiwa kula, wengine walikula mpaka wakaugua na bado wakajiona na njaa. Huyo uliyemwona gizani saa nane usiku na wali wa jana mkononi si mlafi, wala si mnafiki wa mchana na usiku. Ni mtu ambaye njaa imemshika ukosi. Nakuomba hilo uliweke moyoni kabla hujazungumza naye, kwa sababu aibu anayoibeba juu ya usiku ule ni kubwa kuliko kitu chochote unachoweza kumwambia.

Kinachonitia hofu hasa ni moyo wake. Kutapika kunamwaga potasiamu, na sanamaki inamwaga potasiamu, na potasiamu ndiyo inayoyapanga mapigo. Ikishuka sana moyo unaweza kuyumba na kusimama, bila onyo, hata kwa msichana aliyekuwa akicheka mchana. Sanamaki yenyewe haimpunguzii hata kile anachotaka kupunguza. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kingi kimeshanyonywa huko juu. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mizani inashuka, akinywa maji inapanda, naye anaongeza dawa. Nasikitika kila nikiona inavyouzwa kiholela pamoja na hizo chai za kupunguza mwili. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo, na kwa watu kujiua pia.

Mengine nayapitia upesi: tindikali ya tumbo inakula meno yake kwa nyuma, koo linaweza kuchanika, na mifupa, ambayo kwa umri wake ilikuwa bado inajikusanyia nguvu, inapungua na pengine isirudi yote. Mwambie akitapika asukutue kwa maji, asipige mswaki papo hapo, maana jino lililolainika kwa tindikali husagika. Hilo halimhalalishii kutapika. Ni la kuokoa meno wakati tiba haijashika.

Umetaja gauni, na jina la Bonge. Usimtwishe mama mtu lawama yote. Maradhi haya yana chembe ya kurithi, yana tabia ya mtu kuwa mkali juu ya nafsi yake, yana wasiwasi, na ndoa yenyewe ni wasiwasi. Hayakuja na simu pia: daktari William Gull wa London aliyapa jina la anoreksia tangu mwaka 1873. Lakini sifa na masimango ya mwili yanawasha moto pale penye kuni. Huko Fiji, visiwa ambako mwanamke aliyejaa ndiye aliyesifiwa, kama ilivyokuwa huku pwani kwetu, televisheni ilifika sehemu moja mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi mwaka 1998 akauliza tena, wakawa 11 katika kila 100. Miaka mitatu tu. Sisi mama zetu walikuwa wakimweka mwali ndani ili ajae, leo tunamweka ndani ili apungue, na tunampigia vigelegele kwa vyote viwili.

Nije kwenye kiapo chako. Siri ya mtungi aijuaye kata, nimekubali. Lakini waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine: mficha maradhi kilio humfichua. Mama yako alikuapisha kulinda sitara ya binti, maumbile yake, maswali yake ya aibu. Hakukuapisha kulinda kitu kinachomuua. Ila usianzie kwa mama yake. Anza na mwenye mwili.

Mkute mkiwa wawili, si wakati wa kula, wala si wakati yuko uchi kwenye singo, atajiona amevuliwa mara mbili. Mshike huo mkono wa kulia. Mwambie ulichokiona na kukisikia, kwa maneno machache: nimeona vidole vyako, nilikuwa macho usiku ule, nimeona sanamaki, sikuja kukusema. Usimwambie amekonda, hiyo kwake ni sifa. Usimwambie akinenepa atapendeza, hilo ndilo jinamizi lake. Usitaje mwili wake kabisa. Muulize tangu lini, na ule moto wa tumboni unakuwaje. Muulize pia waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, humfungulia mlango. Atakukatalia mara ya kwanza, pengine atakukasirikia. Rudi kesho yake.

Kisha mwambie kwamba mtakwenda hospitali pamoja, na kwamba mama yake ataambiwa, na achague: aseme mwenyewe wewe ukiwa ubavuni, au useme wewe yeye akisikia. Kwa siri ya nyuma ya mgongo utampoteza.

Tanga mna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nendeni wiki hii, msisubiri harusi ipite. Na mkifika semeni yote kwa mpigo, kwa sababu msichana anayetapika ataulizwa mimba, malaria na vidonda vya tumbo, na yeye mwenyewe atafurahi kujificha humo. Semeni: hali chakula, akila anajitapisha, anatumia dawa ya kuharisha, hedhi imesimama miezi mitano. Ombeni apimwe mapigo na presha akiwa amelala na akiwa amesimama, potasiamu na madini mengine ya damu, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Kisha muulizie huduma ya afya ya akili na mtaalamu wa lishe. Mkikutana na mtu akawaambia "ale tu atapona," msigombane naye, muombeni daktari mwingine. Ikihitajika zaidi, watawaandikia rufaa ya Muhimbili. Lakini akizimia, akitapika damu, akilalamika moyo unakwenda mbio au kifua kinauma, misuli ikilegea au akianza kuchanganyikiwa, ni bajaji na hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku wa manane.

Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu kwa miezi, na kula kwa saa: milo mitatu na vitafunio katikati, bila kuacha pengo refu, kwa sababu pengo la mchana ndilo linalozaa usiku wa gizani. Dawa zipo zinazosaidia wenye bulimia, ila za kuandikiwa na daktari, wala hazitoshi peke yake. Nyumbani, daktari akishawapa utaratibu, kaa naye wakati wa kula na ule naye, zungumzeni habari za watu na si za sahani. Saa moja baada ya kula ndiyo ngumu kuliko zote. Wewe una hina. Mpake viganjani na vidoleni mara tu mnapomaliza kula, mikono yote miwili, mkae muisubiri ikauke mnapiga soga. Ni kazi yako hiyo, hakuna atakayeuliza kwa nini.

Hao shangazi zake usibishane nao juu ya jini. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, wamsomee jioni na asubuhi yuko kwa daktari. Ila kombe na dawa za kunywa za kumtapisha au kumharisha zisimguse. Na funga: mwambie, kwa upole, kwamba mgonjwa ana ruhusa ya Mola wake, ipo katika Al-Baqara aya ya 184, kadha atalipa akipona. Akishupaa, mpelekeni kwa shehe mnayemwamini aisikie kutoka kwake.

Harusi? Mimi ningeisogeza. Akizidiwa wiki ya harusi mtapata aibu kubwa kuliko kadi zilizochelewa, na bwana harusi ana haki ya kuambiwa kwamba mchumba wake ni mgonjwa na anatibiwa, mwali mwenyewe akiwa tayari kumwambia. Wasemaji watasema mimba. Miezi itapita, tumbo hawataliona.

Ukishatoka hospitali, lichukue lile gauni ulipeleke kwa fundi wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie afungue mishono ya ubavuni atumie akiba yote aliyoacha, na kama akiba haitoshi aongeze kitambaa, kisha umrudishie mama yake gauni likiwa limekunjwa. Mwali asipimishwe tena mpaka daktari aseme.